Gari Lisilojua Kwenda Taratibu

Gari la mwanangu halikutengenezwa kwa mwendo wa mazishi. Lilitengenezwa kukimbia, na gari la kukimbia hupozwa na upepo linaoukata lenyewe. Ukiliweka nyuma ya jeneza, kwa mwendo wa watu wanaotembea kwa miguu, kwenye jua la saa saba mchana, halitafika mbali kabla halijaanza kuchemka. Fundi yeyote angekwambia hivyo. Baba yake aliniambia hivyo mbele ya ndugu wote, na hakukosea.

Aliyeanzisha ni mama mkwe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kanga imefunika kichwa, watu wakifikiri amesinzia. Akasema kwamba kesho atakwenda makaburini kwa gari la mjukuu wake. Hakuuliza. Alituarifu tu, kama mtu anayesema kesho atafua nguo.

Baba watoto akamweleza kwa upole kwamba gari lile halifai, ni la chini mno kwa magoti yake, lina joto, litazimika njiani. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mjukuu wake alimwahidi kwamba gari likiisha yeye ndiye atakuwa abiria wa kwanza. "Gari limeisha au halijaisha?" akauliza. Lilikuwa limeisha. Mwanangu alilimaliza wiki moja tu kabla homa haijamlaza.

"Litachemka mbele ya watu," baba yake akanigeukia mimi. "Mwambie mama. Wewe ndiye fundi. Likizimika pale barabarani, tutafanya nini? Tumzike mtoto huku tunasukuma gari?"

Nikasema, "Litafika."

Sijui kwa nini nilisema. Labda ni kwa sababu sikuwa na kazi. Msibani kila mtu ana kazi yake. Wapo wanaopika, wapo wanaopokea wageni, wapo wanaolia. Dada yangu alilia kwa niaba ya ukoo mzima. Mimi sikulia, na si kwamba nilijizuia. Ilikuwa kama jino lililopigwa sindano ya ganzi: unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, lakini si lako. Watu walinishika mikono wakanitazama usoni wakitafuta kitu, wasikipate, wakaenda kunong'ona jikoni. Niliwasikia. Sikuwalaumu.

Kwa hiyo nikapewa gari, na nikashukuru.

Mimi si fundi wa magari. Ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Stashahada yangu ya chuo cha ufundi imetundikwa sebuleni kando ya kalenda, na kazi yangu ni kuingia kwenye mabucha na maduka ya dawa kutafuta kwa nini nyama inanuka au chanjo zinaharibika. Katika kazi hiyo nilimfundisha mwanangu jambo moja alipokuwa mdogo, na alilishika kuliko yote niliyowahi kumfokea. Jokofu halitengenezi baridi. Hakuna mashine inayotengeneza baridi. Jokofu linachukua joto ndani na kulipeleka nje, ndiyo maana nyuma yake kuna moto. Joto halipotei, linahama. Kazi ya fundi ni kuliandalia pa kwenda.

Alipokua akapenda magari badala ya majokofu, lakini alibaki na maneno yale. Gari hili alilinunua likiwa chuma chakavu, pua imebonyea mpaka kwenye kioo. Milango miwili, viti viwili, injini nyuma ya mgongo wa dereva, na chini kiasi kwamba ukiingia unakaa kama umeketi mkekani. Alilitengeneza miaka kadhaa nyuma ya gereji yake, yeye na mwenzake aliyeitwa Spana. Spana ni mwanamume mrefu, mwembamba, kichwa kidogo, na jina lilimpata siku ya kwanza aliyosimama kando ya sanduku la vifaa.

Mchana ule, siku moja kabla ya mazishi, nilimkuta Spana gerejini amekaa kwenye tairi, amelitazama gari kama mtu anayengoja liseme kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia anyanyuke, kuna kazi, na bibi kesho atapanda.

"Taratibu nyuma ya gari la maiti?" akauliza. "Mama, hili hata foleni halipendi."

"Ndiyo maana nimekuja."

Tuliliwasha tukaliacha lisimame pale uani linanguruma. Tukatazama mshale wa joto kwenye dashibodi. Ulipanda mpaka katikati, ukatulia, halafu jua lilipolikolea gari ukaanza kusogea tena, kidogo kidogo. Feni zilikuwa zinavuma mbele. Mshale haukutulia. Gari limesimama tu, halijabeba mtu, na tayari mshale unataka kuondoka katikati.

Spana akasema kinachohitajika ni kung'oa thamostati. Ile ni kifaa kidogo kama kifuniko cha chupa, kinachofungua na kufunga njia ya maji kufuatana na joto la injini. Huku kwenye jua kali mafundi wote huing'oa. Hoja yao ni kwamba injini haihitaji kupashwa moto, kwa hiyo acha maji yapite muda wote. Nimeona malori mangapi yanatembea bila thamostati. Hata gari letu la kazini halina.

"Mbona hili hamkuing'oa?" nikamwuliza.

"Jamaa alikataa. Alisema nikiigusa atanikata mkono."

Nikatazama gari. Nikasema, "Ing'oe. Hayupo wa kukukata."

Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida. Spana aliniangalia, kisha akachukua vifaa akainama.

Alipomaliza tukajaza maji upya, tukaliwasha. Mshale ukapanda ukapita mahali ulipokuwa mwanzo, tena kwa haraka. Spana akapiga mluzi wa chini. Akasema labda geji imeharibika. Nikaenda mbele, nikapitisha mkono kwenye tundu la bampa la kulia, ambako kuna rejeta moja ya kupozea maji ya injini, kisha la kushoto, ambako kuna nyingine. Zote mbili zilikuwa za vuguvugu tu, wakati injini nyuma ilikuwa inaungua. Yaani joto lilikuwa halifiki. Lilikuwa limekaa kulekule lilikozaliwa, linajizungusha.

Hapo nikaelewa, na nikajiona mjinga wa daraja la stashahada. Maji ya injini ile yana njia mbili. Njia fupi inazunguka injini peke yake. Njia ndefu inapita chini ya sakafu ya gari mpaka kwenye rejeta za mbele na kurudi. Thamostati ya gari lile, kila inapofungua njia ndefu, inaziba ile fupi. Ukiing'oa zote zinabaki wazi, na maji, kama mtu yeyote anayerudi nyumbani amechoka, hupita njia fupi.

"Kumbe alikuwa na sababu," Spana akasema.

"Alikuwa na sababu. Irudishe."

Akairudisha. Bolti moja ikamponyoka ikabingirika chini ya gari, na alipolala chini kuifuata alikaa huko muda mrefu kuliko bolti inavyohitaji. Sikumwuliza. Nilitumia muda ule kusafisha rejeta kwa brashi ya meno, nikitoa vumbi na mbawa za wadudu kati ya mapezi yake, vile vibati vyembamba. Tulitoa hewa iliyonaswa kwenye mabomba, tukahakikisha feni zote mbili zinazunguka kwa nguvu, tukaondoa wavu wa urembo uliokuwa mbele yake. Jioni mshale ukatulia katikati na kukaa. Nikampigia baba watoto simu kumwambia limekubali. Akasema sawa. Akauliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekula.

Asubuhi ya mazishi niliamka na sheria tatu kichwani. Kwanza, nisilikaribie sana gari la maiti, maana moshi wake wa moto ungeingia moja kwa moja kwenye rejeta zangu. Pili, kiyoyozi hakitawashwa. Tatu, mbele ya gari pasiwekwe kitu chochote.

Ya pili ilinigombanisha na mama mkwe kabla ya chai. Alitaka kujua inakuwaje mkwe ni fundi wa viyoyozi, gari lina kiyoyozi, na yeye akae na jasho. Nikamwambia kiyoyozi hicho kinatoa joto ndani na kulimwaga mbele ya rejeta, na gari halina nafasi ya joto la ziada. Akaniambia kwa maisha yake yote hajawahi kusikia kwamba baridi inaleta moto. Wifi yangu, aliyekuwa anamimina chai, akasema, "Mama, huyu ukibishana naye kuhusu joto atakuletea mchoro." Watu wawili watatu wakacheka, wakakumbuka walipo, wakanyamaza.

Ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Nilipotoka nje nilikuta shada la maua limelazwa kwenye pua ya gari, limefungwa kwa utepe kwenye bampa. Halikuwa shada la kununua. Lilikuwa la maua meupe yaliyosukwa kwa majani na waya, refu kama mikono miwili iliyonyooshwa, linaanzia tundu la kulia la bampa na kuishia la kushoto. Mama mkwe alikuwa amelisuka tangu alfajiri, nyuma ya nyumba, kwa vidole vile vilivyopinda. Lilikuwa zuri. Liliziba rejeta zote mbili kabisa.

Nikaanza kulifungua. Akaja kwa fimbo yake.

"Unafanya nini?"

"Mama, hapa ndipo gari linapopumulia."

"Basi lipumulie kwingine."

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa heshima, lakini mikono yangu iliendelea kufungua utepe. Nikalichukua shada nikalitundika kwenye nguzo ya turubai ambako kila mtu angeliona. Nadhani nilifanya haraka mno. Watu walitazama.  Mama mkwe aligeuka akaenda kukaa. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamwambia mwenzake kwamba huyu mama moyo wake umekuwa chuma. Nikaingia ndani kubadilisha nguo.

Tuliondoka saa saba kasoro. Mbele gari la maiti, Spana na wabebaji wengine wameketi ndani yake kando ya jeneza. Nyuma yake mimi na mama mkwe. Nyuma yetu watu wote wa mtaa kwa miguu, baba watoto mbele yao. Kumwingiza bibi kwenye kiti kile ilikuwa shughuli, aliingia kinyumenyume, wifi akamkunjia miguu mmoja mmoja, akamwambia, "Mama, siku ya kukutoa humu tutaita winchi." Bibi akaketi, fimbo kati ya magoti, uso mbele. Mimi niliingia kutokea nyuma, upande wangu, nikiwa nakagua mlio wa injini, na pua ya gari lile imeinama sana. Ukiwa umekaa huioni.

Njia ya kutoka nyumbani hadi barabara kubwa ni ya vumbi. Nilishika gia ya kwanza, mguu kwenye klachi, nikawa naachia na kushika. Mshale ulikuwa katikati. Tulipita duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka akasimama mlangoni, kofia kifuani. Tukapita kituo cha mafuta. Watu barabarani walisimama, na nikaona kwamba kwanza walitazama jeneza, halafu gari, halafu wakasahau jeneza. Lilikuwa jekundu, linang'aa. Mwanangu angefurahi. Niliwaza hivyo kama unavyowaza kwamba mlango haukufungwa.

Kabla hatujafika sokoni mshale ukaanza kutembea.

Nikazima redio ambayo ilikuwa haijawashwa. Nikasikiliza feni: zinavuma, tena kwa nguvu zote, lakini sauti yake ilikuwa nzito, kama mtu anayepuliza akiwa amezibwa mdomo. Nikaongeza umbali kati yangu na gari la maiti. Watu wakajipenyeza kwenye nafasi ile, ikabidi nipunguze tena. Mshale ukazidi. Hata jana uani haukufika pale. Nilipitia kila kitu kichwani: maji, hewa, mabomba, thamostati. Halafu upepo mdogo ukavuma kutoka pembeni, na juu ya ukingo wa boneti ukainuka utepe mweupe, ukapepea, ukalala.

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa anatazama mbele.

"Mama, umelirudisha."

Akarekebisha fimbo kati ya magoti.

"Mama. Shada."

"Ulikuwa unavaa," akasema. "Nimelirudisha mahali pake."

Nikaanza kusogeza gari pembeni. Nilikuwa nimeshaamua: kusimama, kushuka, kulikata, kurudi. Wangesema nimeng'oa maua ya marehemu mbele ya jeneza, waseme. Mkono wake ukaja juu ya mkono wangu kwenye gia. Ulikuwa mkavu na mwepesi, na vidole vilikuwa na mikwaruzo ya waya.

"Usiyatoe," akasema. "Hamkunipeleka hospitali. Kila siku nilivaa nikakaa mlangoni, mkaniambia mama pumzika, kesho. Sikumpa hata maji. Hiki ndicho nilichompa. Mwache aende nacho."

Ilikuwa kweli. Tulimwambia apumzike. Mimi ndiye niliyemwambia.

Mshale ulikuwa umebakiza kidogo kuingia kwenye nyekundu. Mbele yetu palikuwa na kilima cha makaburini. Joto lilikuwa limejaa kwenye injini na mlango wa mbele umefungwa. Lilihitaji pa kwenda.

Kuna rejeta nyingine kwenye gari, ndogo, ambayo watu wa nchi za joto huisahau. Ipo ndani ya dashibodi. Ni ile ya hita, inayochukua joto la injini na kulipuliza ndani kwa abiria.

"Mama," nikasema, "shika kitambaa chako. Tutaungua kidogo."

Nikafungua hita mpaka mwisho, na feni yake mpaka mwisho.

Upepo uliotoka ulikuwa kama wa tanuri la mkate mlango ukifunguliwa. Ulitupiga usoni, kifuani, miguuni. Nikashusha vioo, lakini gari linalotambaa halipati upepo, na kilichoingia kutoka nje kilikuwa jua na vumbi. Usukani ukawa wa moto. Jasho likaanza kunitoka chini ya kilemba, likashuka kwenye nyusi, likaingia machoni. Mama mkwe akashika fimbo kwa mikono miwili. Mshale ulisita. Haukushuka, lakini ulisita.

Tukaanza kupanda kilima hivyo. Sikumbuki nilichokuwa nawaza. Nakumbuka kwamba magoti yaliniuma kwa moto na kwamba lilikuwa jambo la kwanza kuniuma tangu siku ile wodini.

Mama mkwe alikuwa anapumua kwa mdomo. Nikamwuliza, nizime? Akatikisa kichwa. Baadaye akasema, bila kunigeukia:

"Alikuwa na joto hivi?"

Nikajua anauliza nini.

"Zaidi," nikasema.

"Na mlimfanyia nini?"

"Nilimkanda maji. Nikamvua shuka. Wakamtundikia dawa. Nikafungua dirisha, nikaomba feni, wakaleta feni." Nikaachia klachi, nikaishika tena. "Halikupata pa kwenda, mama. Nilifanya yote. Halikutoka."

Tulikwenda kitambo. Jasho lilikuwa linadondoka kutoka kidevuni kwake hadi kwenye kanga. Kisha akagonga kioo cha mbele kwa kichwa cha fimbo.

"Simama."

"Mama, si lazima. Mshale umetulia."

"Nimesema simama."

Nikasimama. Watu nyuma yetu wakasimama. Alifungua mlango mwenyewe, akatoa mguu mmoja, fimbo, mguu wa pili, na bila winchi wala wifi akajinyanyua akisema maneno ambayo mama mkwe hapaswi kusema akielekea makaburini. Baba watoto alikuja mbio. Bibi akamzuia kwa kiganja. Akazunguka hadi mbele ya gari, akainama, akafungua utepe wa kwanza, akavuta. Waya ulikuwa umeshika kwenye bampa. Akavuta tena, maua machache yakaanguka barabarani. Watu wote walikuwa wanatazama, hakuna aliyenong'ona. Shada likatoka lote. Akalikunja mara mbili kama mtu anayekunja shuka, akarudi nalo, akaingia kinyumenyume, akaliweka mapajani.

"Nenda," akasema.

Sauti ya feni ilikuwa imebadilika kabla sijaondoa breki. Ilikuwa nyepesi, kali. Mshale ukaanza kurudi. Nikanyoosha mkono kuzima hita.

"Iache," mama mkwe akasema. "Iache mpaka juu."

Nikaiacha.

Maua mapajani mwake yalianza kulegea kwa ule upepo wa moto. Hakuyafunika. Tulifika juu tukiwa tumelowa kama watu waliovuka mto, mshale uko katikati.

Palikuwa na uwanja mdogo wa changarawe kabla ya makaburi. Gari la maiti likasimama, nami nikasimama nyuma yake. Hapo tu ndipo nilipozima hita. Wifi na dada yangu wakamtoa mama mkwe, na dada akataka kumpeleka kivulini. Akakataa, akasimama na shada lake. Spana na wenzake wakashuka, wakafungua mlango wa nyuma, wakangoja.

Mimi sikuzima injini.

Gari la namna ile huwezi kulizima likiwa na moto wote ule. Maji yakisimama, joto lililo kwenye chuma linapanda kwa ghafla, halina wa kulibeba. Lazima uliache lingurume kidogo limesimama, lipumue, mpaka mshale ushuke chini ya katikati. Mwanangu alinifundisha hilo siku aliyoliwasha mara ya kwanza. Aliniweka kwenye usukani huu na kuniambia kwamba mtu anayefika na kuzima papo hapo ni yule asiyeliheshimu gari. Nikamwambia ana maneno mengi kuliko gari lenyewe.

Baba watoto akaja dirishani.

"Zima. Watu wanangoja."

"Bado."

"Bado nini?"

"Halijapoa."

Alitazama mshale. Alinitazama usoni, kama wote walivyokuwa wakinitazama, lakini yeye hakuwa anatafuta kitu. Aliweka kiganja kwenye paa, akakiondoa haraka maana lilikuwa linachoma, akakirudisha. Kisha akageuka akawainulia Spana na wenzake mkono, wangoje. Wakangoja. Watu wote wakangoja pale juani, jeneza limetokeza nusu, na gari jekundu linanguruma.

Mshale ulishuka polepole. Nilijua kwamba nikilizima hakuna kitu kingine cha mwanangu ambacho kitahitaji mkono wangu. Nikautazama ukifika mahali pake. Nikasubiri kidogo tena, zaidi ya ilivyohitajika. Nikageuza ufunguo.

Injini ikanyamaza. Feni hazikunyamaza. Za gari lile zimeunganishwa ziendelee zenyewe baada ya injini kuzimwa, mpaka rejeta zipoe. Nilishuka, sketi imeshikamana na miguu, nikatembea nyuma ya jeneza na baba watoto upande mmoja na mama mkwe upande mwingine, na nyuma yetu feni zikawa zinavuma.

Zilivuma wakati wa sala. Zilivuma Spana na wenzake walipoachia kamba mkono kwa mkono. Mzee mmoja alinong'ona kwamba mtu aende akazime lile gari, Spana akamjibu bila kugeuka, "Litazima lenyewe." Mama mkwe akasogea ukingoni. Maua yalikuwa yamenyauka kabisa, ya kahawia kwenye kingo. Akayaangusha ndani yote kwa pamoja, waya na utepe.

Mimi nilitupa udongo wangu zamu yangu ilipofika. Nilikuwa nasikiliza. Wodini, usiku na mchana, nilikuwa nasikiliza hivyo, mkono kwenye paji lake, nikingoja.

Majembe yalikuwa yameanza kazi feni ziliposhusha sauti, zikazunguka kidogo, zikasimama. Baba yake alisikia pia. Nilihisi bega lake likisogea. Nikasema, si kwa mtu yeyote, "Limepoa."

Mama mkwe akanishika mkono. Wake ulikuwa bado una moto.